Mvuke wa Mbaazi, Joto la Waya

Machi 2025, akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alisema jambo lililowakera wengi: Tanzania itanunua umeme kutoka Ethiopia, upitie Kenya, kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Wakati huo Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilikuwa karibu kukamilika, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Vijiwe vya kahawa vikawaka moto. Tumejenga bwawa la nini basi, kama bado tunakwenda kupiga hodi kwa jirani? Sababu aliyoitoa Rais ilizamishwa na makelele: kuusafirisha umeme kutoka kusini hadi kaskazini kunaligharimu taifa kama shilingi bilioni 32 kila mwaka, thamani ya umeme unaopotea njiani.

Kupotea njiani vipi, na waya haujatoboka? Nguzo hazivuji. Wengi wakahitimisha kuwa kuna watu wanakula. Wizi wa umeme upo, hilo halina ubishi, lakini hata siku nchi nzima ikiwa ya malaika umeme huo bado ungepotea, maana unageuka joto. Waya unapata moto, joto linapeperushwa na upepo wa Singida, na fedha zinakwenda nalo.

Babati, mji wa Mkoa wa Manyara, iko katikati ya habari hii ingawa haikutajwa sana. Mji unapitiwa na laini ya kilovolti 220 itokayo Singida kwenda Arusha, na siku hizi kuna ile mpya ya kilovolti 400 ambayo nayo inatoka Singida, inapita Babati, Arusha na Namanga, hadi Isinya nchini Kenya. Mkoa wa Manyara hauna mtambo mkubwa wa kuzalisha umeme. Vituo vya maji vya upande wa kaskazini mashariki ni vya zamani na vidogo: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21, Pangani 68. Ukivijumlisha vyote havifikii nusu ya mtambo mmoja wa Rufiji. Kwa hiyo umeme unaochemsha chai stendi ya Babati kwa sehemu kubwa umesafiri, na umesafiri mbali.

Aliyegundua unapotelea wapi hakuwa mhandisi wa kampuni ya umeme, kwa kuwa kampuni hizo zilikuwa hazijazaliwa. Alikuwa kijana wa familia yenye kiwanda cha bia huko Salford, karibu na Manchester, Uingereza. James Prescott Joule alizaliwa 1818, akafundishwa na mwanakemia John Dalton, na alipofika umri wa miaka 20 na kitu alitaka kujua kitu cha kibiashara kabisa: je, mota ya umeme inaweza kuendesha kazi za kiwanda kwa bei nafuu kuliko injini ya mvuke? Betri za wakati ule zilikula madini ya zinki kama injini inavyokula makaa ya mawe. Alipopiga hesabu, zinki ikashindwa vibaya. Tajiri mwingine angefunga daftari akaendelea na bia yake. Joule akauliza ile nguvu ya zinki imeishia wapi.

Alizungusha waya kwenye bomba jembamba la kioo, akalizamisha kwenye chombo chenye maji, akapitisha umeme, akakaa na kipimajoto mkononi. Akabadilisha waya, akabadilisha kiasi cha umeme, akarudia. Matokeo aliyoyachapisha 1841 yanaweza kuandikwa kwa mstari mmoja, na mstari huo ndio unaotawala maisha ya shirika letu la umeme, TANESCO, mpaka leo: joto linalotokea kwenye waya linawiana na ukinzani wa waya, na linawiana na mraba wa mkondo unaopita. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Ukiwa mara tatu, joto ni mara tisa.

Msomaji akilishika hilo la mraba, mengine yote yanafuata. Chukua msimu wa mbaazi, zao linaloijulisha Babati hadi India. Una magunia elfu moja ya kupeleka Arusha. Unaweza kuyapakia kwenye pikipiki, gunia moja kila moja, barabara ikajaa vumbi na msongamano. Unaweza kuyapakia kwenye malori machache yenye kubeba sana, yakapita kimya. Idadi ya vyombo barabarani ndiyo mkondo. Uzito ambao kila chombo kimebeba ndio volti. Mzigo unaofika ni uleule, ila njia haiteseki sawasawa. Ndiyo maana laini ndefu hupandishwa volti: ukitoka kilovolti 220 kwenda 400 kwa mzigo uleule na waya uleule, mkondo unashuka hadi karibu nusu, na joto linalopotea linashuka hadi chini ya theluthi. Zile nguzo ndefu za chuma unazoziona ukiwa kwenye basi zimelipiwa kwa ajili ya hesabu ya Joule.

Ila hata Ethiopia ni mbali, atasema mtu, na atakuwa amesema kweli. Laini inayotoka Wolayta Sodo hadi Suswa, Kenya, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Lakini hiyo ni ya mkondo mnyoofu wa kilovolti 500, aina inayovumilia masafa marefu vizuri zaidi, na hasara ya upande wa huko inakuwa imeshaingizwa kwenye bei kabla umeme haujavuka Namanga. Kama bei hiyo ni nzuri au mbaya ni suala la mkataba, na wananchi wana haki ya kuuliza. Fizikia haina ugomvi na mpango wenyewe.

Mimi nachukizwa na kitu kingine: mjadala wote ulibaki kwenye mabwawa na mipaka, kana kwamba sisi wa mwisho wa waya hatuhusiki. Tunahusika, tena kwa mraba uleule.

Kati ya saa 1 na saa 4 usiku Babati inafanya mambo yote kwa pamoja. Taa zimewashwa, televisheni ipo kwenye taarifa ya habari, pasi inanyoosha sare za shule, hita iko ndani ya ndoo ya maji ya kuoga, maana baridi inayoshuka kutoka Mlima Kwaraa mwezi wa saba si ya mchezo. Mkondo kwenye waya unaotoka kituo cha kupozea umeme kwenda mitaani, kisha ule unaoendelea hadi Dareda, Magugu na Gallapo, unapanda. Ukipanda mara mbili ya ule wa mchana, hasara kwenye waya huo inakuwa mara nne. Kwa hiyo uniti moja usiyoitumia saa 2 usiku inaokoa uniti moja na ziada njiani, wakati uniti ileile ikiokolewa saa 8 mchana ziada yake ni ndogo. Ukitaka kuona sheria ya Joule bila kipimajoto, angalia nyumba iliyo mwisho wa laini saa hizo. Volti zinaliwa na waya kabla hazijafika. Badala ya 230 zinafika labda 180, na kile tunachokiita umeme mdogo kinaingia ndani. Hita ya wati 1,000 kwenye volti 180 inatoa wati kama 600 tu, maji yanachelewa, basi. Mota ya friji au ya mashine ya kusaga haina subira hiyo: inajaribu kufanya kazi ileile kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi, koili zake zinapata moto, na mwisho wake anaujua kila fundi wa kuzungushia mota upya.

Sasa tuje kwenye elimu tunayopewa. Tangu utoto tumeambiwa tuzime taa tukitoka chumbani. Ushauri ulikuwa mzuri enzi za balbu ya nyuzi, iliyogeuza sehemu kubwa mno ya umeme wake kuwa joto na kubakiza kidogo tu kuwa mwanga. Mwaka 2010 kampuni ya umeme ya Kenya iligawa bure balbu za kubana matumizi zaidi ya milioni moja, mteja akirudisha za zamani, kwa sababu kununua balbu kulikuwa rahisi kuliko kukodi majenereta ya dizeli kwa ajili ya saa chache za jioni. Kampuni inayouza umeme ikawalipia wateja watumie umeme mdogo, na haikuwa imepagawa. Baadaye ikaja balbu ya LED, iliyowezekana baada ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura kupata mwanga wa bluu, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel ya Fizikia 2014. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 inakula uniti 0.045. Kwa mteja anayelipa shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni shilingi 16. Zima, ni vizuri, lakini kama umeme wako unakwisha haraka mwizi hayuko darini.

Mwizi yuko jikoni na bafuni. Chochote ambacho kazi yake ni kutengeneza joto kinakula umeme kwa kijiko kikubwa, na hapa Babati ina tatizo lake la pekee ambalo sijalisikia likitajwa kwenye tangazo lolote.

Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Hapa ni kati ya 95 na 96. Mbaazi kavu, maharage na makande vinaiva kwa joto, si kwa mapovu, na nyuzi nne au tano zilizokosekana zinaongeza muda jikoni. Ndiyo maana mama anayepika mbaazi Babati anakaa kwenye moto muda mrefu kuliko dada yake aliye pwani, Tanga, hata kama mbaazi zimetoka shamba moja. Anaweka magadi kidogo, na anafanya sawa kabisa kikemia, kwa sababu magadi hulegeza gundi inayoshikilia kuta za punje. Akiongeza moto hapati kitu. Maji yaliyokwisha kuchemka hayaongezeki joto. Moto wa ziada unatengeneza mvuke tu.

Na mvuke ni ghali kuliko tunavyodhani. Kuchukua lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka kunahitaji uniti 0.09 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke kunahitaji uniti 0.63, mara saba ya hapo. Ukiona sufuria wazi ya mbaazi imeongezwa maji mara mbili au tatu, jua maji yaliyopungua yamelipiwa kwenda dirishani. Jiko la umeme la koili la wati 1,500 likiwaka mfululizo kwa saa mbili ni uniti 3, zaidi ya shilingi 1,000 kwa sufuria moja, na mpishi ataapa kuwa umeme hauwezi kupikia. Kwa jiko hilo na sufuria hiyo, ana haki ya kuapa.

Jibu la tatizo hili ni la zamani kuliko Joule. Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin, akiwa London, alitengeneza chungu cha chuma chenye mfuniko wa kukaza, mvuke ukikosa pa kutokea kanieneo inapanda, maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Alilainisha hata mifupa. Kwa kuwa chungu cha namna hiyo kinaweza kulipuka, akakiwekea vali ya usalama. Presha kuka ya umeme inayouzwa leo madukani ni chungu cha Papin kilichoongezewa vitu viwili: blanketi la kuzuia joto na kifaa cha kukata umeme. Ndani yake, hata hapa Babati, maji yanafika nyuzi 110 na zaidi, na tatizo la mwinuko linaondoka. Inawaka mpaka kanieneo ifike, inazima, inawaka kidogo, inazima tena. Ya wati 1,000, ukijumlisha dakika inazovuta umeme kweli, itakuivishia mbaazi zilizolowekwa usiku kucha kwa kama uniti 0.4. Hiyo ni shilingi 150 hivi kwa yule anayelipa 356. Shirika la TaTEDO limekuwa likijaribu vyungu hivi kwa vyakula vyetu kwa miaka, pamoja na mpango wa utafiti wa MECS unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Loughborough, na serikali ilipozindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, umeme ulikuwa moja ya njia. Chapati na ugali ni habari nyingine. Presha kuka haichomi chapati. Kwa vyakula vya kuchemsha muda mrefu, sijaona cha kuishinda.

Usiniamini mimi, mita yako inaweza kutoa ushahidi. Kwenye uso wa mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa namba, mara nyingi 1000 au 1600, wakati mwingine nyingine, ikifuatiwa na herufi imp/kWh. Maana yake kitaa kitapepesa mara hizo kwa kila uniti inayotumika. Zima kila kitu isipokuwa kifaa kimoja. Hesabu kinavyopepesa kwa dakika moja. Kama mita ni ya 1000 na umehesabu 25, zidisha kwa 60: utapata 1,500, uniti moja na nusu kwa saa. Hilo ni jiko la koili. Sasa zima na hicho, kila kitu kizimwe, kisha hesabu tena. Kikiendelea kupepesa kuna kitu kinakula gizani: friza lililosahaulika kwenye chumba cha biashara, au waya wa jirani aliyeunganishiwa zamani na mwenye nyumba aliyetangulia. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulifanya zoezi hili, na ningekuwa na mamlaka ningelipeleka kila shule ya msingi kuanzia Bagara hadi Singe kabla ya kuchapisha kalenda nyingine ya kuzima taa.

Wakati mtoto anahesabu, mzazi ashike plagi ya hita au jiko baada ya dakika kumi. Ikiwa moto, Joule yuko hapo tena. Jiko la wati 1,500 linavuta ampea 6.5. Mguso uliolegea kwenye soketi ukiwa na ukinzani wa nusu omu tu unatoa wati 21 mahali padogo kama ncha ya kidole, karibu sawa na chuma kidogo cha kulehemea cha fundi redio. Plastiki inayeyuka, ekstensheni inanuka, na baadhi ya nyumba zilizosemekana zimeungua kwa "hitilafu ya umeme" zilianzia hapo. Wati hizo 21 nazo umezilipia.

Kuna lalamiko moja ambalo halitokani na fizikia: kwamba umeme wa kwanza wa mwezi huwa mdogo. Ni kweli, na sababu ni kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021, ambayo kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu Julai 2023. Ukinunua wa 5,000, mteja wa daraja la kawaida anapata uniti 14. Baada ya kodi, hazifiki 10.

Nimesema daraja la kawaida kwa makusudi, kwa maana hapa ndipo elimu inapogonga ukuta. Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, tangu 2016, mteja mdogo wa daraja la D1, yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti, ambazo kodi na tozo zikiingia zinakuwa 122. Anayezidi, uniti za juu ya 75 zinahesabiwa kwa 350 kabla ya tozo, na akizidi mara kwa mara anahamishiwa daraja la kawaida, T1, ambako uniti zote ni 292, yaani 356 na tozo zake. Tuchukue familia inayotumia uniti 60, ikilipa shilingi 7,320 kwa mwezi. Imesikia wito wa nishati safi, imenunua presha kuka, inapikia mara mbili kila siku. Zinaongezeka uniti 24, jumla 84. Ikihamishiwa T1, bili ya mwezi inaruka hadi shilingi 29,900. Uniti 24 za kupikia zimeigharimu zaidi ya shilingi 22,500, kama 940 kila moja, na hapo mkaa unarudi jikoni bila kuombwa. Punguzo lililowekwa kumlinda maskini linamwadhibu siku anapoacha kuni, na waliopanga mkakati wa 2034 watalazimika kukaa meza moja na waliopanga bei.

Wakisubiriwa, mwenye D1 ana njia ya katikati. Mkaa wake au gesi yake ibaki kwa ugali, mboga na chai. Presha kuka iwashwe kwa mbaazi, maharage na makande tu, tuseme mara tatu kwa wiki, zikiwa zimelowekwa, na iwashwe saa 9 alasiri kabla Babati yote haijarudi nyumbani. Ni uniti 5 na kidogo kwa mwezi. Anabaki kwenye 65 na ushei, daraja lake haliguswi, na ongezeko la bili yake halifiki shilingi 700.